Plau ya Fedha

Wapo waliorithi mashamba na wapo waliorithi ng'ombe. Egesa alirithi koo. Baba yake alikuwa mwimbishaji wa kanisa ambaye sauti yake ilivuka mpaka wa Uganda kila Jumapili bila kulipa ushuru, na alipokufa hakumwachia mwanawe kitu kingine cha maana isipokuwa sauti hiyo na baiskeli isiyo na breki.

Kwa sauti hiyo Egesa akajitafutia riziki. Alifunga honi mbili nyuma ya pikipiki kwa mipira ya blada, akaweka betri na amplifaya ndani ya kreti ya soda, akawa mtangazaji wa Busia: matanga, krusedi, chanjo ya ng'ombe, mbuzi aliyepotea, posho mill mpya ya kusaga unga. Busia ni mji wa mpakani, mji wa kelele. Malori yananguruma tangu alfajiri, mawakala wa kupitisha mizigo wanaitana kwa simu mbili mbili, na wanaobadilisha pesa wanapiga mluzi kwa kila mgeni. Egesa alipopita, wote hao walinyamaza wasikie nani kafa.

Lakini ufundi wake hasa haukuwa kelele. Ulikuwa tafsiri. Wateja walimletea karatasi za Kizungu, naye akazitafsiri akiwa barabarani, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye mashimo. Tena hakuwa mtu wa kutoa neno na kuweka neno. Alitia viungo. Hospitali ilipomtuma atangaze kliniki ya macho, alisema, "Ninyi mnaosalimia nguzo za stima mkidhani ni shemeji zenu, daktari amefika!" Siku hiyo foleni ilitoka hospitalini ikafika barabara kuu. Egesa alizoea kujisifu kwamba hakuna neno la Kizungu lililowahi kumshinda. Siku hizi akikumbuka majisifu hayo hujifunika uso kwa kofia.

Yaliyompata yalianza mwezi wa Februari, alipojiwa na kijana mmoja aliyejiita Brayo, ndani ya gari jeupe lenye stika. Kijana alivaa saa kubwa kuliko kifundo cha mkono. Alisema yeye ni meneja wa kanda wa Silver Plough Markets, kampuni inayofanya biashara ya pesa za nje ndani ya mtandao: unaweka pesa kwa simu, kampuni inanunua dola na kuuza, na faida inakujia kila wiki. Malipo ya mtangazaji yalikuwa shilingi elfu sita na kofia.

Egesa alilitazama lile jina la Kizungu akatikisa kichwa. Mkulima gani wa Amukura angepeleka pesa yake kwa jina asiloweza kulitamka? Akalibatiza pale pale. Akaiita Plau ya Fedha. Neno fedha lenyewe lilikuwa la bahati: wenye kampuni walimaanisha ile metali inayong'aa, wasikilizaji wakasikia pesa, naye hakuona sababu ya kuwarekebisha.

Kwa siku tatu alizunguka kutoka Busia hadi Amukura, Amukura hadi Angurai, Angurai hadi Malaba. "Limeni bila jasho! Plau ya Fedha inalima usiku na mchana ndani ya simu yako! Panda leo, vuna kila wiki!" Na siku ya tatu pale Malaba, karibu na foleni ya malori, alipoona watu wanasikiliza lakini mikono iko mifukoni, akaongeza nakshi ambayo hakutumwa na mtu. Alisema, "Hata mimi mwenyewe, Egesa, nimeweka!"

Hakuwa ameweka hata ndururu. Pesa za nyumba yao hukaa kwa Roselida, mkewe, na Roselida alipoelezwa habari hiyo alisema plau anayoijua yeye ni ya chuma na huvutwa na ng'ombe. Egesa alimwona mshamba.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja wa Amukura, mjane, muuza karanga, jina lake Anjeline. Miaka mitano kabla ya hapo mumewe mzee Ojakol alipofariki, Egesa ndiye aliyetangaza matanga. Watangazaji wengine wa mjini walizoea kuyatafuna majina ya Kiteso kama muwa na kuyatema. Egesa aliketi na mama huyo mchana mzima akijifunza jina la kila mkwe na kila ukoo, akayatamka yote sawasawa kuanzia Amukura hadi Malaba. Tangu siku hiyo Anjeline alimwita mwanangu, na kila alipopita sokoni alimjazia karanga kwenye kofia. "Mdomo uliomzika mzee wangu vizuri hauwezi kunidanganya," alizoea kuwaambia wenzake.

Anjeline alikuwa na ng'ombe wawili wa kulima. Mmoja alinunuliwa ng'ambo, akaitwa Uganda. Wa pili alizaliwa zizini kwake, akaitwa Kenya. Walilima pamoja miaka minne. Mwezi wa Machi, baada ya kupanda, Anjeline alimuuza Uganda na kuweka pesa yote kwenye Plau ya Fedha. Wachekeshaji wa sokoni walimwuliza kama ameiuza pamoja na ziwa lake. Naye akacheka, kwa sababu kila Jumatatu simu yake ilimwonyesha kwamba pesa imeongezeka, na kufikia Julai hesabu ilikuwa imetosha kununua ng'ombe watatu.

Tatizo lilikuja alipotaka kuitoa. Simu ilimjibu kwamba kwanza alipe ada ya kufungua akaunti, shilingi elfu arobaini. Alipanda boda akaja Busia kumtafuta Egesa, akamkabidhi simu iliyofungwa kwenye leso. Egesa alimpigia Brayo. Mteja hapatikani. Akapiga tena kwa laini nyingine, mteja hapatikani. Tumbo lake likajua mara moja, maana tumbo halihitaji mkalimani. Lakini mdomo ulisema nini?

"Mama, ni system tu. Iko kwa maintenance."

Lile neno la mwisho hakulitafsiri. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumwachia mtu neno la Kizungu likiwa zima zima, na alijua vizuri kwa nini.

"Basi sawa," Anjeline akasema. "Mimi nimefikiria. Ng'ombe moja hailimi. Hii Kenya inakula tu na kuangalia. Mnada ikifika nitaiuza, nilipe hiyo ada, pesa yote itoke, ninunue wawili mara moja. Ama unaonaje, mwanangu?"

Egesa hakuonaje. Alisema "Mm." Karanga alizopewa siku hiyo zilimkwama kooni, koo lile lile la urithi.

Alijipa moyo kwamba mnada ulikuwa bado mbali. Mnada una tabia ya kukaribia. Wiki ile ya mnada wenyewe, ambao ungekuwa Ijumaa, alitafutwa Jumanne na mwanamke aliyeitwa Brendah, ofisa kutoka Nairobi mwenye viatu bapa na sauti ya upole. Alikuwa wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa asiyejua, hao ndio wanaochunga soko la hisa na wote wanaochukua pesa za watu wakisema wataziwekeza. Walitaka kukutana na wananchi Alhamisi, kwenye mahema karibu na maegesho ya malori, na wakahitaji mtangazaji. Brendah alimpa karatasi ya Kizungu yenye kurasa mbili.

Egesa alisoma mistari miwili ya juu, akawasha pikipiki.

Masoko aliyajua: la Busia, la Amukura, la Angurai. Mtaji aliujua pia, kwa kuwa ndicho kitu ambacho kila mama wa sokoni hulia hana. Basi Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ingekuwa nini tena, kama si watu wa serikali wanaoletea masoko mitaji? "Akina mama wa soko!" akanguruma. "Kilio chenu kimesikika! Wenye mitaji wanakuja Alhamisi! Usikose, usitume mtu, beba kitambulisho chako!" Mstari wa pili ulihusu wafanyabiashara wa foreksi wasio na leseni. Huko mtandaoni foreksi ni biashara nyingine, ile ya akina Brayo. Lakini Busia foreksi ni mtu: ni yule anayesimama kando ya barabara na bunda la noti za nchi mbili. Kwa hiyo Egesa akamalizia, "Na foreksi wote wasio na leseni, siku yenu imefika!"

Alhamisi saa nne asubuhi hapakuwa na pa kukanyaga. Vikundi vya akina mama vilikuja na sare zao na vyeti vya usajili kwenye bahasha za plastiki. Watu walishika kopi za vitambulisho, picha za pasipoti, na mmoja alibeba hati ya shamba iwapo ingehitajika. Kwa upande mwingine, barabarani hapakuwa na mbadilisha pesa hata mmoja. Wote walikuwa wamevuka mpaka alfajiri, wakaketi upande wa Uganda wakiitazama Kenya kwa mashaka. Madereva waliingia wakiwa na shilingi za Uganda mifukoni na hawakuweza kununua hata chapati.

"Boss," dereva mmoja alimwambia Egesa, "mimi niko na laki mbili hapa na niko na njaa. Nani amefukuza watu wa kuchenji?"

"Sijui, ssebo," Egesa akajibu kwa heshima ya Kiganda, akihamisha uso.

Brendah alimvuta kando. "Bwana Egesa, hawa watu wote wamebeba nini?"

"Kopi za kitambulisho, madam."

"Za nini?"

"Za mtaji."

"Mtaji gani?"

Egesa alimtazama, akaitoa karatasi mfukoni, akaisoma mpaka chini kwa mara ya kwanza.

"Madam, kumetokea hitilafu ndogo ya tafsiri," akasema.

Brendah alivuta pumzi ndefu, akaonyesha kipaza sauti. Alisema yeye mambo haya ameyasomea kwa Kizungu, na kwa kuwa watu wanaijua sauti ya Egesa, basi Egesa atafsiri mkutano mzima, neno kwa neno, na safari hii bila viungo.

Egesa akasimama mbele ya umati. Akawaeleza kwamba wageni hawakuleta pesa. Kelele iliyofuata ilishinda honi zake. Mama mmoja wa kikundi akauliza kwa sauti ni nani alitafsiri lile tangazo la kwanza. "Hilo tuliache," akajibu Egesa, na watu wakacheka licha ya hasira. Naye akacheka, akidhani kwamba hiyo ndiyo aibu ya siku ile na imekwisha. Hakujua kwamba aibu ndogo huwa imetangulia tu kupiga hodi.

Brendah alieleza vizuri, naye akamfuata vizuri. Mtu akichukua pesa yako akuwekezee, lazima awe na leseni. Biashara ya foreksi ya mtandaoni nayo ina leseni yake, na mtu anaweza kuuliza kabla ya kutoa shilingi. Anayekuahidi faida kila wiki bila hasara anakudanganya. Anayekudai ulipe kwanza ndipo akurudishie pesa yako mwenyewe, huyo anakuibia mara ya pili. Egesa alitafsiri jambo hilo la mwisho bila kuitazama safu ya pili. Safu ya pili ndiko alikoketi Anjeline, na leso mpya begani. Alikuwa akitikisa kichwa kuwasikitikia wajinga wanaoibiwa hivyo.

Kisha Brendah akaanza kusoma orodha ya kampuni zisizo na leseni. Ya kwanza Egesa akaiita Daraja la Bahati, watu wakacheka. Ya pili akaiita Hindi Refu, wakacheka zaidi. Alikuwa ameanza kupata joto tena, mjinga yule.

"Namba tatu," Brendah akasoma, "Silver Plough Markets."

Egesa akafungua mdomo, na hapo ndipo alipotambua kitu kilichomfanya ashike nguzo ya hema. Katika mahema yote mawili, hakuna aliyelijua jina hilo. Aliwapa jina jingine. Wale walioweka pesa zao waliweka kwenye Plau ya Fedha. Simu zao zilionyesha picha ya plau na herufi mbili tu. Brendah alilijua jina la Kizungu, wananchi walilijua la Kiswahili, na mtu pekee aliyeyajua yote mawili alikuwa yeye, ameshika kipaza sauti.

Majina ya kampuni hayatafsiriwi, akajiambia. Ni sheria ya ukalimani. Hata wasomi wanasema hivyo. Yeye aliyewahi kutafsiri hata jina la dawa ya kupe, leo alikumbuka sheria.

"Namba tatu, Silver Plough Markets," akasema kwa Kizungu safi cha benki.

Uso wa Anjeline haukubadilika. Orodha ikaendelea. Halafu Brendah akasema kwamba si mwenye kampuni tu atakayeulizwa. Hata anayeitangaza kampuni isiyo na leseni, akawavuta watu waweke pesa, anaweza kujibu maswali. Hapo Egesa akatafsiri, "Na wengine wote wanaohusika." Maneno yote ya Kizungu yale yakawa manne tu ya Kiswahili. Roselida, aliyekuwa amesimama nyuma na kikundi chake, alimwangalia kwa muda mrefu, maana alikisikia Kizungu kiasi.

Wakati wa maswali, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Anjeline.

"Madam, mimi niko kwa ile inaitwa Plau ya Fedha. Hiyo iko kwa karatasi yako?"

Brendah alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, akarudia tena. "Plau ya Fedha... hapana, mama, sioni hapa. But the fact that it's not on this list doesn't mean it has a licence. Mr. Egesa, tafadhali waambie hivyo."

Egesa hakuwaambia kwamba kukosekana kwenye orodha si ushahidi wa leseni. Kimya chake kilikuwa kifupi, lakini kilitosha. Anjeline alikuwa tayari anapiga makofi, na wengine waliofurahi pamoja naye wakapiga pia.

"Asante sana," akasema. "Basi kesho nauza Kenya."

Mahema yakaangua kicheko. Brendah akainama mbele. "Anauza nini?"

Anjeline alikuwa amemgeukia Egesa, uso wake umejaa furaha, akawaambia walioketi karibu naye, "Si niliwaambia? Ile siku nilisikia ni sauti ya mwanangu, nikajua ni kitu safi."

Egesa alikuwa ameshawahi kuona haya. Aliwahi kutangaza maziko ya mtu aliye hai. Lakini hii haikuwa haya, ilikuwa maumivu yenyewe. Aliona zizi la Amukura likiwa tupu. Aliona mama huyo akiisubiri simu iseme kitu, mwezi hadi mwezi, akijilaumu kwamba labda alibonyeza vibaya.

"Mama," akasema. Honi zilipokea neno hilo zikalipeleka mpaka kwenye malori. "Iko."

"Nini iko?"

"Plau ya Fedha iko kwa karatasi. Ni ile namba tatu. Silver ni fedha. Plough ni plau. Jina hilo la Kiswahili nililitunga mimi, ili mlipende. Usiuze Kenya. Hakuna pesa huko. Hata hiyo ada ni wizi."

Huko mpakani lori likafunga breki.

"Lakini si hata wewe umeibiwa?" Anjeline akasema. Alikuwa amesimama sasa, na alikuwa akiwatazama wengine, akimtetea. "Msimwangalie hivyo. Huyu pia aliweka yake. Alisema pale Malaba, watu walisikia. Si pia wewe umepoteza, mwanangu?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko kote. Angeweza kusema ndiyo, na watu wangempa pole.

"Sikuweka, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilisema tu."

Anjeline akaketi polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani. Nyuma yake akainuka Wabwire, mwendesha boda, akasema yeye aliweka pesa ya injini na hakumwambia hata mke wake. Akainuka mwalimu mmoja. Akainuka karani wa mizigo. Kila mmoja alikuwa amefikiri yuko peke yake, na kila mmoja alikuwa ameambiwa na Egesa, kwa wakati wake, kwamba ni maintenance. Walipohesabiwa walikuwa kumi na mmoja. Mtu akapendekeza Egesa apigwe kidogo. Pendekezo likaungwa mkono na wengi, wakiwemo wale wa kopi za vitambulisho ambao hawakuibiwa na mtu. Brendah aliwatuliza kwa kuwaomba wote kumi na mmoja waje mezani waandikishe taarifa, kwa maana bila taarifa hakuna faili, na bila faili hakuna wa kutafutwa. Hakuwaahidi kwamba pesa zitarudi. Alilisema hilo mara mbili, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Egesa alikuwa wa kumi na mbili. Aliandikisha kila kitu: Brayo, gari jeupe, elfu sita, kofia. Akaivua kofia yenyewe akaiweka mezani kama ushahidi, na upara wake ukapata jua kwa mara ya kwanza tangu Februari.

"Utaitwa kuhojiwa," Brendah akamwambia. "Kwa sasa usitoke nje ya nchi."

Egesa akatazama ng'ambo ya barabara, huko nje ya nchi, ambako kinyozi wake alikuwa akimpungia mkono.

Alipotoka alimkuta Anjeline amesimama kando ya pikipiki yake, mkono juu ya honi moja.

"Ulitangaza siku ngapi?" akauliza.

"Tatu, mama."

"Ulipitia wapi?"

"Hapa, Amukura, Angurai, Malaba."

"Utatangaza siku tatu. Barabara ile ile. Useme ni uongo, na useme ni wewe ulidanganya. Na useme Uganda."

"Nisemeje?"

"Sema nilikuwa na Uganda, na sasa sina." Akageuka, akaenda zake kutafuta boda. Hakumwita mwanangu.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Ya Egesa haikuwa fupi, ilipitia Angurai. Alitangaza siku tatu bila malipo, kwa mafuta aliyonunuliwa na Roselida baada ya kuombwa kwa unyenyekevu mwingi. Angurai mzee mmoja alimsimamisha akamwomba arudie, kwa kuwa alikosa ile sehemu ya mwanzo. Malaba madereva walimnunulia chai, wakadhani ni tangazo la matanga ya mtu aitwaye Uganda. Kanisa lililokuwa limempa kazi ya krusedi liliahirisha, kisha akasikia sauti ya mtangazaji mwingine ikiitangaza krusedi hiyo hiyo, tena kwa matamshi mabaya. Wabadilisha pesa walirudi kutoka Uganda, na hadi leo akitaka kubadilisha noti wanampa bei ya mgeni.

Mwezi wa Septemba simu yake ililia. Alikuwa Anjeline.

"Egesa, kuja Jumatatu asubuhi. Vaa gumboots."

Mvua ya msimu mfupi ilikuwa imeanza. Kenya hakuuzwa, lakini ng'ombe mmoja halimi, kwa hiyo jirani aitwaye Okiria alikubali kumleta ng'ombe wake wafungwe nira pamoja. Wa Okiria aliitwa Serikali. Kila mmoja alitaka kwenda upande wake, na palihitajika mtu wa kutangulia mbele na kamba, akiwaongoza na kuwaita. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya mtoto wa darasa la nne. Siku hiyo shule zilikuwa zimefunguliwa, na Egesa alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Okiria alishika mpini wa plau, plau ya chuma kabisa, ile anayoijua Roselida. Anjeline alisimama nyuma na mkebe wa mbegu za karanga. Egesa akashika kamba, akaingia matopeni, akasafisha koo.

"Kenya!" akanguruma, na ndege wakaruka kutoka kwenye ua. "Twende baba! Tukimaliza mstari huu utapata chumvi! Utapata majani mabichi! Utapumzika wiki nzima!"

Serikali akasonga mbele. Kenya akasimama pale pale, akageuza kichwa upande mwingine, akaanza kucheua.

"Huyu amesikia habari zako," Okiria akasema, akicheka mpaka akauachia mpini.

Egesa alifungua mdomo aongeze kitu kuhusu chumvi. Sauti ya Anjeline ikamfikia kutoka nyuma, haikuwa kali wala haikuwa na huruma.

"Usimwahidi kitu. Mwite jina tu, kwa sauti ya kawaida."

Ilimbidi Egesa aitafute, hiyo sauti ya kawaida, maana hakuwa ameitumia kwa siku nyingi.

"Kenya," akasema.

Ng'ombe akavuta.